Muuza Upepo wa Sakonnet

Katika manowari ya Amerika, Sakonnet, mlikuwa na watu mia tatu na arobaini, na ukiliamini daftari la karani, walizaliwa katika bandari themanini na tatu. Ila aliyeliamini daftari hilo alikuwa karani peke yake, naye ni mtu aliyewahi kuupigia saluti mlingoti akidhani ni luteni.

Baharia akija kujiandikisha pale Newport aliulizwa mambo matatu: jina, umri, na mahali alipozaliwa. Jina watu walidanganya kwa uangalifu, umri kwa kukisia, na mahali kwa raha zao. Mmalai mmoja mwenye shanga shingoni alisema kazaliwa Philadelphia, alipoulizwa mtaa gani, akajibu, "Ule mrefu." Akaandikwa. Mwairishi mwekundu kama kamba aliyechemshwa aliapa kuwa ni mtoto wa Boston, na kiapo chenyewe kilinuka Dublin. Akaandikwa. Meli ilikuwa na mizinga arobaini na minne na watu haba, na mzinga haumuulizi anayeuvuta kazaliwa wapi.

Jory Pascoe yeye aliandikisha hivi: Matti, miaka ishirini na minane, mzaliwa wa Abo, Ufini. Katika hayo yote, la kweli lilikuwa ile ishirini na minane.

Jory alikuwa mtoto wa mvuvi wa Kornwali, raia halali wa Mfalme wa Uingereza. Siku moja akiwa na umri wa miaka ishirini na mbili aliingia kilabuni kunywa bilauri moja. Alipotoka walikuwa wamemshika askari wanne waliokuwa wakisaka mabaharia, wakamtia katika manowari ya Mfalme bila kumuuliza kama anapenda. Akatumikia miaka minne na nusu. Kisha walipotia nanga Norfolk alitumwa pwani na pipa akateke maji, na mpaka leo hajarudi. Kwa Mfalme jambo hilo lina jina moja, kutoroka, na dawa moja: kamba shingoni, mwisho wa foromali, ule mti wa kutandazia tanga, na wenzako wamepangwa sitahani watazame.

Basi Jory alihitaji nchi. Uingereza haifai. Amerika ilikuwa na hatari yake, maana kila Mwingereza mtoro alijiita Mwamerika, na maofisa wa Mfalme walishachoka kucheka. Akachagua Ufini kwa hesabu zake mwenyewe: mabaharia wote, kutoka Lisbon hadi Salem, wanajua kwamba Wafini ni wachawi wa upepo, na mchawi hasumbuliwi na maswali. Aliwahi kula meza moja na Mfini mmoja mzee, akajifunza kwake maneno mawili, moja la kutukana na jingine la kutukana zaidi. Akaona yanatosha kuendesha taifa zima.

Na yalitosha. Wiki ya kwanza tu, meli ikiwa imezubaa karibu na kisiwa cha Block, Jory alijikuna mgongo kwenye mlingoti akipiga mbinja bila kufikiri, na upepo ukaja. Watu wakatazamana. Mpiga mzinga mmoja wa Marblehead, pande la mtu liitwalo Ephraim Tuck, akamwendea kwa adabu kama anayekwenda kwa mkwe, akamwekea kipande cha tumbaku mapajani.

"Cha nini hiki?" Jory akauliza.

"Wewe si unajua," Ephraim akanong'ona. "Sitaki ugomvi na kwenu."

Jory alikuwa na haya, lakini haya zake hazikuvuta tumbaku. Kabla mwezi haujaisha akawa anauza upepo wa rejareja: kijikamba chenye mafundo matatu, kama inavyosemwa Wafini hufanya. Ukifungua fundo la kwanza, upepo wa kukausha nguo. La pili, upepo wa safari. La tatu usifungue, na ukifungua usimtaje aliyekuuzia. Watu walinunua, wakavivaa shingoni. Upepo ukija, sifa zilikuwa za Jory. Usipokuja, ilisemwa mteja kafungua vibaya. Mwaka mmoja baadaye alikuwa analalia mto wa tumbaku, na hakuna aliyethubutu kumpa mchawi kasia wala ufagio. Viganja vyake vililainika kama vya mchungaji wa kanisa.

Ndipo vikaja vita na Mwingereza, na baada ya wiki tatu za vita ikaja ile asubuhi ya Julai.

Kulipambazuka shwari. Bahari ya New Jersey ilikuwa imelala kama samli iliyoganda, matanga yananing'inia kama shuka za mgonjwa. Kwenye meza namba kumi na moja, ile iliyoning'inizwa kati ya mizinga miwili, Peleg Quash alikuwa akigawa chai ya maganda. Peleg alikuwa Mweusi wa New Bedford, amezidi miaka hamsini, alishavua nyangumi mpaka nyangumi wakamjua kwa jina. Pembeni yake Anselmo, Mreno wa kisiwa cha Faial, alikuwa akiwaomba watakatifu wote kwa zamu asimwonee yeyote. Na mwisho wa meza alikaa Nils, Mswidi, mshona matanga, mzee asiyesema neno ila kama linauma. Huyu Nils alikuwa na tabia ya kumtazama Jory kama mtu anayemtazama mtoto akitembea juu ya ukuta.

"We Matti," Peleg akasema, "leo duka limefungwa? Tanga halijapepea tangu alfajiri."

"Upepo nao hupumzika, Mzee Peleg."

"Upumzike baada ya vita. Mwambie."

Kabla Jory hajajibu, sauti ikatoka juu mlingotini. Matanga! Matano! Upande wa tezi!

Meli tano za Mfalme wa Uingereza, maili tano nyuma, nazo zimekwama kama wao. Nahodha Wardwell, mtu mrefu mwenye sauti ya kuuliza njia, akaamuru mashua zishushwe majini, na nanga ndogo ipakiwe kwenye ile ya mbele. Kazi yenyewe ni hii: mashua inapeleka nanga mbele mpaka amari, ile kamba nene ya nanga, inakwisha, inaitosa, walioko melini wanasukuma gurudumu la kuvutia amari, wakizunguka kama punda wa kinu, na meli inajivuta mpaka ilipo nanga. Kisha mnaanza upya. Ni mwendo wa konokono, lakini aliye nyuma naye akiwa konokono, mwendo ni mwendo.

Tatizo likawa moja. Watu hawakutaka.

Si kwamba walikataa. Amri ya nahodha haikataliwi. Walivuta kasia kama anayekoroga uji ambao si wake. Walisukuma gurudumu wakipiga soga. Serahangi, msimamizi wa mabaharia, akapaza sauti mpaka mishipa ikamtoka, nao wakamjibu kwa heshima zote, "Ndiyo bwana," wakaendelea kukoroga.

"Nijitie malengelenge ya nini," Ephraim Tuck akasema, ameegemea mti wa gurudumu, "na Mfini tunaye ndani? Atakapotaka, atauachia."

"Anangoja bei ipande," mwingine akasema.

"Mwacheni. Mchawi hakimbizwi."

Wakafungua mafundo ya kwanza, mia na zaidi kwa pamoja. Kimya. Wakafungua ya pili. Nyoya la kuku lililodondoka kutoka kizimba cha nahodha likaanguka wima mpaka majini.

Waingereza hawakuwa na Mfini, maskini, kwa hiyo wakatumia akili. Walikusanya mashua za meli zote tano wakazifunga mbele ya meli moja tu, ile ya kwanza, nayo ikaanza kuja. Saa nne ilikuwa imeziacha nyingine. Saa tano Jory aliazima darubini kwa msaidizi wa rubani, akaitazama, akaitambua.

Chini ya omo, ile ncha ya mbele ya meli, palikuwa na sanamu ya mwanamke wa mbao asiye na pua. Pua ile ilikatwa na mzinga wa Mfaransa, na Jory alikuwepo. Mwanamke huyo alikuwa na jina refu la Kigiriki, lakini mabaharia wake walimwita Mama Mkwe. Miaka minne na nusu Jory alikuwa amelala hatua sita nyuma ya kisogo chake. Kila ofisa mle ndani alimjua kwa uso, kwa mwendo, na kwa kovu la kidevu. Wakiiteka Sakonnet, wenzake watapelekwa kifungoni Halifax wakale mkate mbovu, na vita vikiisha warudi makwao. Yeye hataiona Halifax. Atapelekwa juu kwa kamba, jioni hiyohiyo.

Akashuka chini mbio. Meza yake ilikuwa imepewa nafasi ya kunywa maji. Peleg akamwangalia usoni.

"Umeona jini?"

"Jamani," Jory akasema, "mimi si Mfini."

"Na mimi si Mweusi," Peleg akasema. "Kunywa maji."

"Sina mzaha, Mzee Peleg! Mimi Mkornwali. Jina langu Jory Pascoe. Meli ile inayokuja ndiyo niliyoitoroka. Upepo sina, sijawahi kuwa nao, hata wa tumboni. Na hawa wajinga hawapigi kasia, wananingoja mimi!"

Anselmo akapiga ishara ya msalaba, kisha akaisimamisha nusu. "Na ile kamba niliyonunua nimtumie mama?"

"Ni kamba tu, Anselmo. Nisamehe."

"Mama alifungua fundo la pili. Ameniandikia kwamba paa la jirani liling'oka!"

"Basi paa lilikuwa bovu!"

Mwisho wa meza, Nils akaweka sindano yake chini. "Hatimaye," akasema. "Mwaka mzima na miezi miwili nimengoja hilo neno."

Jory akageuka. "Ulijua?"

"Mimi nimezaliwa Abo. Nimebatizwa Abo, na nimeoa Abo, Mungu anisamehe. Siku ya kwanza uliposema unatoka kule nikakuuliza habari za nyumbani kwa lugha ya nyumbani. Ukanitukania bibi yangu."

"Lakini daftari linasema wewe Mswidi!"

"Daftari!" Nils akacheka kwa pua. "Safari yangu ya kwanza nilijiandika Mfini, kwa sababu ni Mfini. Tukapata shwari siku kumi na moja. Wakanifungia chumba cha amari, gizani na panya, mpaka niachie upepo. Safari ya pili ikawa dhoruba, wakataka kunitosa. Safari ya tatu nikawa Mswidi. Mswidi haombwi kitu."

"Sasa mbona hukuitoboa siri yangu?"

"Niitoboe nipate nini? Watu wakishakuwa na Mfini mmoja, hawatafuti wa pili."

Peleg alikuwa anazungusha kikombe. Kisha akasema polepole, "Mimi sitauliza karatasi zangu zenyewe zilizaliwa wapi, kwa hiyo zako hazinihusu. Ila, mwanangu, waambie wenzako. Uwaambie wote, na sasa hivi."

"Nikiwaambia wote, tukitekwa, atakosekana mmoja wa kunichongea kwa Mwingereza ili apate bilauri ya ramu?"

"Hatakosekana," Peleg akasema. "Usipowaambia, tunatekwa bila shaka yoyote. Chagua."

Ukitaka kujua mtu mwongo anavyoumwa, mwambie aseme kweli hadharani. Jory alipanda sitahani. Mama Mkwe alikuwa maili mbili na nusu sasa, mashua zake zimetambaa mbele kama siafu wanaomvuta panzi. Jory akarukia juu ya gurudumu la amari, watu wakanyamaza, wengine wakavua kofia.

"Anaanza," Ephraim akanong'ona.

"Nisikilizeni!" Jory akapaza sauti. "Mimi si Mfini! Sijawahi kuiona Ufini hata kwenye ramani! Ni Mwingereza wa Kornwali, mtoro, na wale wakinishika wananinyonga! Mafundo yale ni upuuzi! Nimewaibia! Hakuna upepo, kuna makasia tu! Vuteni!"

Kisha mtu wa nyuma akasema, "Amepandisha bei."

"Ndivyo wanavyosema wote wakitaka kuongezewa," akajibu mwingine, mwenye busara. Kipande cha tumbaku kikaruka, kikamgonga Jory kifuani. Kikafuata cha pili, kisha kifungo cha shaba, kisha nusu ya soseji.

"Siombi kitu! Jamani, Nils ndiye Mfini! Muulizeni Nils!"

Nils, kwa uchungu wa mtu anayeng'olewa jino, akasogea mbele, akamsemesha Jory Kifini sentensi tatu nzima, zimenyooka. Jory akabaki kinywa wazi.

"Mmeona?" Nils akawaambia watu. "Haelewi."

Ephraim akatafakari, kidole kidevuni. "Sisi tumeona kwamba Mswidi kabwabwaja, na Matti kakataa kumjibu. Kama mimi ningekuwa mchawi, nisingemjibu pia."

"Kweli kabisa," wenzake wakasema.

Nahodha Wardwell alikuwa amesimama kwenye tezi, mikono nyuma, anasikia yote. Akasogea mpaka karibu, akasema chini kwa ile sauti yake ya kuuliza njia, "Baharia, umeitia shingo yako kinywani mwa watu mia tatu, na hakuna hata mmoja aliyekuamini. Katika miaka yangu baharini sijaona siri iliyotunzwa vizuri namna hii."

"Bwana Nahodha, nifungeni mimi, nipigeni, mseme mmegundua..."

"Nikikufunga watasema nimemuudhi mchawi. Nikikupiga, watasema dhoruba inakuja, watafunga matanga." Nahodha akaitazama Mama Mkwe. "Una saa moja. Fanya unachojua."

Unachojua. Jory akatazama viganja vyake, laini, vyeupe. Alichojua ni kile alichojua baba yake na babu yake kabla hakujawa na wafalme maishani mwake. Hakusema neno tena. Akapita katikati ya watu, akateremka kwa kamba ubavuni mwa meli, akamgusa begani mvuta kasia wa mashua ya mbele, ile ya nanga. "Ondoka."

"Matti? Wewe hupigi kasia. Wewe ni..."

"Ondoka, nimesema!"

Peleg akateremka nyuma yake bila kuitwa, akakaa ubao wa pili. "Hapa pana nafasi ya mzee," akasema, akatema mate viganjani.

Jory akavuta. Alivuta kama mtu anayekimbizwa, kwa sababu alikuwa anakimbizwa. Mivuto hamsini, ngozi ya viganja ikanyanyuka. Mivuto mia, ikapasuka. Damu ikateleza kwenye kasia, akalifunga kwa kofia yake akaendelea. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kovu la kidevu, na machozi pia, ambayo hakuwa na mkono wa kuyafuta. Walitosa nanga, wakarudi kuchukua ya pili, wakapita chini kabisa ya ubavu wa meli, na watu wote walioegemea ukingo wakamwona vizuri uso wake.

Lilikuwa jambo ambalo hawakuwa wamelifikiria. Mchawi hana haja ya kuogopa. Mfini akikaribia kutekwa hupiga mbinja akageuka dubu wa baharini akaondoka zake, hilo linajulikana. Lakini huyu aliyekuwa chini yao alikuwa akihema kama punda wa mchimba makaa, macho yamemtoka, anaitazama meli ya Waingereza kama sungura anavyomtazama tai.

Peleg akainua kichwa akawaona wanavyotazama. Hakupaza sauti sana. Aliitoa ile ya kuitia nyangumi, ambayo haihitaji kupazwa.

"Mnangoja nini huko juu? Mwenye duka la upepo mwenyewe kashika kasia! Duka ni tupu, nyie mapunguani!"

Ephraim Tuck alisimama vilevile kwa muda wa kuhesabu kumi. Ungeweza kuiona habari ikisafiri ndani ya kile kichwa kikubwa, inapiga hodi chumba hadi chumba. Kisha akashika kijikamba chake shingoni, akakikata, akakitupa majini.

"Sukuma!" akanguruma, akaliingia gurudumu kwa kifua. "Sukumeni! Hatuna Mfini! Mama yangu wee, hatuna Mfini!"

Kilio hicho kilifanya kilichoshinda amri zote za serahangi. Mia tatu na arobaini, wa Faial na wa Salem, Mmalai wa mtaa mrefu na Mwairishi wa Boston, waliingiwa na hofu moja kwa lugha ishirini, wakaanza kufanya kazi. Gurudumu likazunguka mpaka likatoa moshi. Waliokosa nafasi walilisukuma kwa kuwasukuma waliokuwa na nafasi. Mpishi alitoka jikoni na aproni yake. Daktari aliacha mgonjwa, na mgonjwa akamfuata daktari. Karani naye akaja, akasukuma kwa nguvu zake zote ukuta wa chumba cha rubani, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Sakonnet ikajivuta ikaenda, amari imekazika inalia kama fidla.

Mama Mkwe akapiga mzinga. Risasi ikaanguka nyuma, mbali kidogo, kama mtu anayepima kina. Dakika kumi baadaye ya pili ikaanguka karibu zaidi.

"Kumi na mbili," Peleg akahema.

"Kumi na mbili nini?"

"Nanga tulizotosa. Nasahau umri wangu mpaka nifike ishirini."

Hawakufika ishirini. Walipotosa ya kumi na tano Jory aliona mstari mweusi juu ya maji, upande wa kusini, mwembamba kama wanja. Akadhani macho yanamcheza. Kisha ukamgusa sikio, ubaridi kidogo, kama mtu anayemnong'oneza. Nyuma yake matanga ya Sakonnet yakapiga kofi moja, yakatulia, yakapiga la pili, yakajaa.

Shangwe ikatoka melini. Mashuani haikutoka.

Kwa maana meli ikipata upepo haina breki. Nahodha hawezi kusimama, na Mama Mkwe naye anaupata upepo uleule baada ya dakika tano. Akisimama kungoja mashua sita, ameitoa meli kwa ajili ya watu thelathini. Yeyote angewaacha. Angesikitika, angewaacha. Jory aliiona omo ya Sakonnet ikija, inakata maji, inakua, na akajua kwamba ameiokoa meli nzima ila ubao alioukalia.

"Kateni amari!" mtu akapiga kelele juu. Nanga ikaachwa ilale New Jersey milele. Omo ikawapita kwa umbali wa kimo cha mtu, wimbi lake likaijaza mashua nusu. Kamba zikaanza kuanguka kutoka juu, kumi, ishirini, kamba za matanga, za bendera, hata ya kuanikia suruali za luteni. Peleg akadaka moja akaifunga ubao wa mbele. Mashua ikaruka kama samaki aliyenaswa. Wengine wakapanda. Jory akashika kamba, na viganja vyake havikushika. Viliteleza kwenye damu yake mwenyewe. Akajaribu tena, akateleza tena, mashua ikawa inazama chini yake.

"Msimwache!" sauti ikanguruma juu.

Mkono ukatokea dirishani mwa mzinga, kisha pande zima la Ephraim Tuck, kichwa chini, watu wanne wamemkamata vifundo vya miguu. Akanyoosha mkono, akamkamata Jory kwa nywele na kwa kola, akamng'oa kama karoti. Wakaingia wote wawili kupitia dirisha la mzinga, wakaanguka juu ya waliokuwa wakivuta, na juu ya wote akaanguka Anselmo, ambaye hakuwa anavuta chochote ila alikuwa anasali karibu mno.

Jory alilala chali sakafuni. Kupitia dirisha alimwona Mama Mkwe akirudi nyuma, mashua zake zimechanganyikana mbele yake, watu wake wanagombana na kamba. Yule mwanamke asiye na pua alikuwa amekuwa mdogo kama kidole, kisha kama kucha. Alimtazama mpaka hakuona kitu.

Nje sitahani palikuwa na vurugu nyingine: watu walikuwa wamemzunguka Nils. Kwani ni nani aliyekuwa Mfini, ikiwa huyu si Mfini? Na upepo umekuja. Sauti ya Nils ilisikika mpaka chini, ikiapa kwa Kiswidi, Kifini na Kiingereza kwamba ni bahati tu, na sauti nyingine zikimjibu kwa upole kwamba ndivyo wanavyosema wote.

Ephraim alikaa kando ya Jory, akamtia maji mdomoni, kisha akamfunga viganja kwa kitambaa cha kusafishia mzinga, ambacho kilikuwa kichafu kuliko vidonda.

"Mwaka mzima," akasema. "Tumbaku yangu ya mwaka mzima, wewe mbwa."

"Ipo kwenye mto wangu. Ichukue yote."

"Nitaichukua." Akakaza fundo. "Wewe ni wa wapi, hasa?"

"Nimesema. Kornwali."

"Hiyo nimesikia, nilikuwepo. Kornwali ni kubwa. Nyumbani hasa ni wapi?"

Jory akafungua kinywa. Ilikuwa miaka sita hajalitamka neno lile, akaona limekaa vibaya ulimini, kama kiatu cha utotoni.

"Porthleven."

"Sijapasikia. Kuna nini?"

"Dagaa. Mvua. Gati moja la mawe. Na mama yangu, kama bado yupo."

Ephraim akalifikiria jambo hilo kwa haki.

"Marblehead ni hivyohivyo," akasema mwishowe. "Ila kwetu mvua ni mama yangu."

Jory akaanza kucheka, na kucheka kukamuuma mikono, mabega na mgongo, na hakuacha.